Twiga wa Malindi, dhamana ya Mbingu na kalamu ya karani: jinsi nasaba za China zilivyopokezana kiti

Mleta uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika ikulu ya China wakiwa na twiga. Habari hiyo tumezoea kuisoma kama kisa cha urafiki wa kale kati ya pwani yetu na China, pamoja na merikebu za Zheng He, amiri wa China, na pepo za msimu, nami sina ugomvi na usomaji huo. Katika uzi huu, hata hivyo, nataka tumtazame mnyama yule kwa macho ya waliompokea. Twiga wa Malindi alikuwa wa pili. Wa kwanza aliletwa mwaka uliotangulia na wajumbe wa Bengal, na Shen Du, mwandishi wa hati aliyesifika sana pale ikulu, alimtungia utenzi wa sifa akisema kwamba ana mwili wa paa, mkia wa ng'ombe na madoa kama wingu jekundu. Sifa hizo hazikuokotwa njiani. Vitabu vya kale vya China vinampa sifa za namna hiyo qilin, mnyama wa heri ambaye huonekana tu pale mtawala anapokuwa mwadilifu na Mbingu imeridhika naye.

Kaizari aliyekuwa kwenye kiti wakati huo, Yongle wa nasaba ya Ming, alikuwa na haja kubwa ya shahidi wa namna hiyo, kwa sababu kiti chenyewe alikuwa amemnyang'anya mtoto wa marehemu kaka yake.

Hoja yangu ni hii, na ningependa mnipinge mkiona nimekosea: katika China ya kifalme, ukoo ulishinda kwa upanga lakini haukutulia mpaka mtu mwenye kalamu akubali kuandika kwamba ushindi ule ulikuwa halali. (Nasema kalamu kwa mazoea yetu, ingawa wao waliandika kwa brashi na wino.)

Tuanze na dhana yenyewe. Kiasi cha mwaka 1046 KK watu wa Zhou, waliotoka magharibi, waliiangusha nasaba ya Shang. Walioshindwa walikuwa na mizimu ya mababu iliyotambikiwa kwa vizazi na vizazi, kwa hiyo washindi walilazimika kueleza ni kwa nini mizimu ile haikuwalinda wenyewe. Maelezo yao, ambayo mapokeo huyahusisha hasa na Mwinyi wa Zhou, mdogo wake Mfalme Wu, yalikuwa kwamba Mbingu haina ukoo. Humpa kazi anayewatunza watu, na akiharibu humvua na kumpa mwingine, kama vile Shang wenyewe walivyoipokea kutoka kwa Xia. Neno lao ni *tianming*, ambalo neno kwa neno ni amri ya Mbingu. Mimi nachagua kuliita dhamana, kwa sababu dhamana mtu hukabidhiwa na tena huweza kuirudisha. Ubaya wa hoja hii kwa anayeitumia kupandia ni kwamba ngazi anaiacha pale pale ukutani, na wa baada yake anaiona.

Mengzi, mwanafikra wa karne ya 4 KK katika mapokeo ya Kongfuzi (Konfusio), hakuificha ngazi hiyo. Mfalme Xuan wa Qi alipomuuliza kama ni halali mtumishi kumuua mfalme wake, akitolea mfano wa mfalme wa mwisho wa Shang, Mengzi alijibu kwamba amesikia habari za mhuni mmoja kuuawa, ila hajasikia kwamba aliuawa mfalme. Kwingine alisema kwamba watu ndio wenye thamani kubwa zaidi, madhabahu ya nchi yanafuata, na mtawala ndiye mwepesi kuliko wote.

Sasa mfikirieni mwanzilishi wa Ming akiyasoma maneno hayo. Zhu Yuanzhang alizaliwa mwaka 1328 katika familia ya wakulima mafukara, akafiwa na wazazi wake kwa njaa na maradhi mwaka 1344, akawa mtawa wa Kibudha wa kuombaomba, kisha mwasi, na mwaka 1368 akawa kaizari. Mtu aliyepanda kutoka chini kabisa aliujua urefu wa ngazi ile kuliko yeyote. Mwaka 1394 aliagiza kitabu cha Mengzi kipunguzwe: vifungu 85, karibu theluthi nzima, viliondolewa, na mitihani ya serikali ikakatazwa kuchota maswali humo. Kabla ya hapo, mwaka 1380, alikuwa amefuta cheo cha waziri mkuu baada ya kumuua aliyekishika, akaacha wosia kwamba yeyote atakayependekeza kukirudisha auawe. Kazi zote zikamwangukia yeye. Kuna kumbukumbu kwamba katika siku 8 za mwaka 1384 alipokea nyaraka 1,660 zenye mambo 3,391 ya kuamua. Gawanyeni wenyewe mwone kama binadamu anayekula na kulala anaweza kuyasoma yote hayo kwa makini.

Alipofariki mwaka 1398 alimwachia kiti mjukuu wake, Jianwen. Ami yake kijana huyo, Zhu Di, aliyekuwa akilinda mpaka wa kaskazini, akaasi mwaka uliofuata, na Julai 1402 akaingia Nanjing huku ikulu ikiungua. Humo ndimo inasemekana Jianwen alifia. Zhu Di, ambaye ndiye Yongle wetu wa twiga, sasa alihitaji tangazo la kutawazwa, na alitaka liandikwe na Fang Xiaoru, msomi aliyeheshimiwa kuliko wote na mwalimu wa Jianwen. Mshauri wake wa karibu alikuwa amemwomba mapema asimuue Fang, kwa maana akimuua, mbegu ya watu wa kitabu itakatika nchini.

Historia rasmi ya Ming inasimulia walivyokutana. Fang aliletwa akiwa na nguo za msiba, na kilio chake kikasikika ukumbi mzima. Zhu Di akashuka kitini, akamwambia: "Mwalimu, usijitese. Mimi nafuata tu mfano wa Mwinyi wa Zhou alipomsaidia Mfalme Cheng." Mfano huo aliuchagua vizuri, kwa sababu Mwinyi wa Zhou naye alikuwa ami wa mfalme mdogo.

"Mfalme Cheng yuko wapi?" Fang akauliza.

"Amejichoma moto, amekufa."

"Kwa nini usimtawaze mwana wa Mfalme Cheng?"

"Nchi inahitaji mtawala mtu mzima."

"Basi kwa nini usimtawaze mdogo wake?"

"Hilo ni jambo la nyumbani kwangu."

Kisha akaagiza apewe brashi na karatasi, akisema kwamba tangazo hilo haliwezi kuandikwa na mwingine. Fang akaitupa brashi chini, akasema kwamba kufa atakufa, lakini tangazo haandiki. Aliuawa hadharani. Masimulizi ya baadaye yanadai kwamba pamoja na ndugu zake waliuawa pia wanafunzi wake, wakahesabiwa kama tabaka la kumi la ukoo wake.

Yongle aliufuta utawala wa Jianwen kwenye kalenda, miaka ile ikahesabiwa kuwa ni ya marehemu babu, na kumbukumbu rasmi za mwanzilishi zikaandikwa upya mara mbili mpaka zilipomridhisha. Katika hali hiyo ndipo twiga anaingia. Mwaka 1414 wizara ya ibada iliomba ruhusa ya kutoa pongezi rasmi, Yongle akakataa, akisema kwamba utawala mwema hauharibikiwi kwa kukosa qilin. Twiga wa Malindi alipofika mwaka uliofuata, kaizari alitoka mwenyewe hadi langoni kumpokea. Na mwaka huo huo wa 1415 ilikamilika kwa agizo lake ufafanuzi rasmi wa Vitabu Vinne, vitabu vikuu vya mafundisho ya Kongfuzi, kwa ajili ya mitihani, ambamo Mengzi yumo mzima, pamoja na yale yaliyokuwa yamekatwa na baba yake.

Naomba michango yenu.

Mchangiaji wa 2

Nakushukuru kwa uzi, lakini naona unawapa makarani uzito wasiokuwa nao. Fang Xiaoru alikataa, akauawa, na Yongle akatawala miaka 22 akiwa imara, akahamishia makao makuu Beijing mwaka 1421. Kalamu ilizuia nini?

Rudi nyuma zaidi. Chen Sheng na Wu Guang, walioanzisha uasi dhidi ya nasaba ya Qin mwaka 209 KK, walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakipelekwa mpakani. Kwa simulizi ya Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, mvua iliwachelewesha, na sheria ya Qin iliwahukumu kifo wachelewaji, hivyo wakaona heri kufa wakiwa na silaha. Hawakusubiri msomi awaandikie ruhusa. Na aliyevuna matunda ya uasi huo, Liu Bang, alikuwa ofisa mdogo wa mahali alikotoka, mtu anayesimuliwa kuwa aliwavua wasomi kofia zao na kuzikojolea. Akaanzisha Han iliyodumu, kwa kujumlisha vipindi vyake viwili, miaka kama 400. Njaa na upanga ndivyo vilivyoamua. Dhamana ya Mbingu ni jina la heshima ambalo mshindi hulipachika baadaye.

Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ni nzito na sehemu yake naikubali: hakuna nasaba hata moja iliyoanguka kwa sababu ya insha. Ila umemwacha Liu Bang kabla hajamaliza kusema. Lu Jia, mmoja wa watu wake, alikuwa kila mara akimnukulia vitabu vya kale, mpaka Liu Bang akakereka, akasema kwamba nchi ameipata akiwa juu ya farasi, hivyo vitabu vya nini. Lu Jia akamjibu kwamba ni kweli ameipata juu ya farasi, lakini je, ataweza kuitawala akiwa juu ya farasi? Sima Qian anaandika kwamba mfalme hakufurahi, akaona haya, na akamwagiza amwandikie ni kwa nini Qin iliipoteza nchi. Jibu liligeuka kitabu, na kila sura iliposomwa mfalme aliisifu.

Qin ndiyo iliyounganisha nchi mwaka 221 KK, ikavunja tawala za kurithi na kuweka majimbo yenye maofisa wa kuteuliwa. Mwaka 213 KK ikachoma vitabu. Na mwaka 206 KK ilikuwa imekwisha. Han waliirithi mashine ile ile ya majimbo na maofisa, ila kitukuu wa Liu Bang, Wudi, alianzisha mwaka 124 KK chuo cha kuwafundisha vijana vitabu vya Kongfuzi ili waje kuwa maofisa. Mashine ya Qin ikavikwa joho la Kongfuzi. Mfumo huo, pamoja na mapengo yake yote, ndio uliofika hadi karne ya 20.

Kuhusu Yongle, swali si kama Fang alimzuia. Jiulize kwa nini mtu mwenye jeshi lote lile ashuke kitini kumbembeleza mwalimu mmoja.

Mchangiaji wa 4

Naomba ufafanuzi. Hao wenye kalamu walipatikanaje? Na je, si kweli kwamba ni watoto wa wenye mali tu waliojipanga kwa zamu?

Mleta uzi

Swali zuri, na jibu lake lina pande mbili.

Mitihani ya kuwapata maofisa ilianza chini ya nasaba ya Sui, ikakua chini ya Tang, na chini ya Song, kuanzia karne ya 10, ikawa njia kuu ya kuingia serikalini. Song ndio waliofanya hila mbili za kulinda haki ambazo zilidumu. Jina la mtahiniwa lilifunikwa, kisha karatasi yake ikanakiliwa na karani mwingine ili msahihishaji asiutambue mwandiko. Katika enzi za Ming na Qing (nasaba ya Wamanchu iliyoifuata Ming) mtahiniwa wa mtihani wa jimbo aliandika kwa wino mweusi, makarani wakanakili kwa wino mwekundu, wahakiki wakalinganisha nakala hizo mbili, na msahihishaji akasoma ile nyekundu peke yake.

Mtihani wenyewe ulifanyika mara moja kila miaka mitatu, kwa awamu tatu za siku kadhaa. Uwanja wa mitihani wa Nanjing ulifikia kuwa na vyumba zaidi ya 20,000, na kuviita vyumba ni ukarimu, kwa sababu kila kimoja kilikuwa kijumba kisicho na mlango, chenye mbao mbili ambazo mchana zilikuwa kiti na meza na usiku zikasogezwa zikawa kitanda. Mtu alikaguliwa langoni mpaka ndani ya nguo, akaingia na chakula chake, wino wake na chombo cha haja, na lango likafungwa.

Upande wa pili ni huo uliougusa. Wanawake hawakuruhusiwa kabisa, na kijana alihitaji miaka mingi ya kukariri bila kushika jembe, jambo ambalo nyumba nyingi hazikulimudu. Waliofaulu hawakuwa wengi, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa kuwa walioshindwa walirudi makwao wakiwa na elimu ile ile na kinyongo. Hong Xiuquan, kijana wa Guangdong, alishindwa mara kadhaa, ya mwisho mwaka 1843. Mwaka 1851 alitangaza Ufalme wa Mbinguni wa Taiping, vita vyake vikaua mamilioni ya watu mpaka vilipozimwa mwaka 1864. Kinachonichekesha, kama inaruhusiwa kucheka katika jambo la msiba, ni kwamba alipoiteka Nanjing mwaka 1853 na kuifanya makao yake, moja ya mambo aliyoyaanzisha ni mitihani yake mwenyewe.

Ofisa aliyefaulu alipelekwa mbali na jimbo alikozaliwa, ili asije akawapendelea jamaa zake. Katikati ya karne ya 19 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 400 na wilaya zaidi ya 1,300, ikimaanisha kwamba mkuu wa wilaya mmoja, mgeni asiyejua lahaja ya pale, alikuwa hakimu, mtoza kodi na mlinzi wa amani kwa watu wapatao 300,000. Hakuweza chochote bila makarani wenyeji na bila wazee wenye ardhi waliowahi kusoma vitabu alivyosoma yeye. Mtawala mpya aliyewakosa watu hao alikuwa na mji mkuu bila nchi.

Mchangiaji wa 6

Nimesoma kwa makini, lakini nahofia mazungumzo haya yanaelea juu ya hazina bila kuigusa. Naomba niongeze kidogo kuhusu kuanguka kwa Ming, kwa sababu pale sababu zinaonekana kwenye daftari la mapato.

Zhang Juzheng, aliyeongoza serikali kuanzia 1572 hadi alipofariki 1582, alieneza utaratibu wa kuunganisha kodi na kazi za lazima ziwe malipo ya pamoja, yalipwe kwa madini ya fedha. China yenyewe haikuwa na madini hayo ya kutosha. Mengi yaliletwa kutoka Japani na kutoka makoloni ya Hispania ya Amerika kupitia Manila. Mkulima anavuna mpunga au mtama, lakini anadaiwa fedha, hivyo bei ya fedha ikipanda kodi yake inapanda bila sheria kubadilika. Kuanzia 1618, vita na Wamanchu wa kaskazini-mashariki vilipoanza, serikali iliongeza tozo ya vita juu ya kodi ya ardhi, kisha tozo ya kuwapiga waasi, kisha tozo ya kufundisha askari. Wakati huo huo ukame ukalikamata jimbo la Shaanxi.

Mwaka 1629 serikali ilipunguza vituo vya matarishi ili kubana matumizi. Mmoja wa waliopoteza kazi katika vituo hivyo huko Shaanxi, kwa masimulizi yaliyopokewa, ni Li Zicheng. Miaka 15 baadaye tarishi huyo aliingia Beijing akiwa na jeshi.

Mleta uzi

Ahsante sana, umenirahisishia kazi, kwa sababu sasa ninaweza kuja kwenye mwaka 1644, ambao ndio ushahidi wangu mkubwa.

Kaizari wa mwisho wa Ming kutawala Beijing, Chongzhen, hakuwa mlevi wala mvivu kama wafalme wabaya wa vitabuni. Alianza mwaka 1627 kwa kumwondoa towashi Wei Zhongxian aliyekuwa ameishika ikulu, na alifanya kazi usiku na mchana. Lakini hakumwamini mtu. Katika miaka 17 alibadilisha makatibu wakuu takriban 50, na mwaka 1630 alimuua Yuan Chonghuan, jemadari aliyekuwa akiwazuia Wamanchu. Tukumbuke kwamba waziri mkuu hakuwapo tangu 1380. Makatibu wakuu waliandika mapendekezo kwenye vipande vya karatasi vilivyobandikwa juu ya nyaraka, na uamuzi ulitolewa kwa wino mwekundu wa kaizari, wino ambao mara nyingi aliyeushika hasa alikuwa towashi. Huang Zongxi, ambaye baba yake alikufa gerezani mwaka 1626 kwa mkono wa kundi la Wei, aliandika baadaye kwamba utawala mbovu wa Ming ulianza siku mwanzilishi alipofuta uwaziri mkuu.

Alfajiri ya tarehe 25 Aprili 1644, waasi wakiwa wameshaingia mjini, Chongzhen aliamuru kengele ya kuwaita mawaziri ipigwe. Hakuja hata mmoja. Alipanda kilima kilicho nyuma ya ikulu akiwa na towashi mmoja, Wang Cheng'en, akajinyonga.

Kwa kipimo cha upanga, ndugu yangu mchangiaji wa 2, dhamana ilikuwa sasa ya Li Zicheng. Mji anao, kiti anacho. Lakini watu wake waliwakamata maofisa wa Ming na kuwatesa ili watoe fedha, yaani aliwageuza wenye kalamu kuwa mateka wa kukamuliwa. Jemadari Wu Sangui akawafungulia Wamanchu njia ya Shanhaiguan, lango la Ukuta Mkuu, Li akashindwa, akarudi Beijing, akajitawaza tarehe 3 Juni, na kesho yake akakimbia. Utawala wake Beijing haukutimiza wiki sita.

Dorgon, aliyewaongoza Wamanchu kwa niaba ya kaizari mtoto, alifanya kinyume chake. Alimfanyia Chongzhen maombolezo rasmi, akafuta zile tozo tatu alizozitaja mchangiaji wa 6, akawaacha maofisa kwenye vyeo vyao, na mwaka 1646 mtihani mkuu ukafanyika mjini Beijing. Kwa Shi Kefa, aliyekuwa akiongoza upinzani wa Ming kusini, aliandika barua yenye sentensi ambayo mwanasheria yeyote angeionea wivu: kwamba Qing waliupata mji ule kutoka kwa majambazi, na si kutoka kwa Ming. Kwa maneno hayo mvamizi aligeuka kuwa mlipiza kisasi cha marehemu. Shi Kefa alimjibu kwa heshima, akakataa kusalimu amri, na mwaka 1645 Yangzhou ilipotekwa akauawa na wakazi wa mji wakachinjwa kwa siku nyingi.

Nisije nikaonekana nawapamba washindi. Mwaka huo huo Dorgon aliamuru wanaume wote wanyoe sehemu ya mbele ya kichwa na kusuka mkia wa Kimanchu, na asiyenyoa auawe. Miji iliyokwisha kusalimu amri iliasi upya kwa sababu ya nywele. Mji wa Jiangyin ulihimili kuzingirwa siku 81. Mkulima aliyekuwa radhi kubadilisha mtoza kodi hakuwa radhi kubadilisha kichwa alichorithi kwa wazazi wake.

Lakini angalieni kalamu ilivyomalizia kazi. Kila nasaba iliandika historia ya ile iliyoitangulia, na kuiandika ni kutangaza kwamba imekufa. Qing waliufufua mradi wa historia ya Ming mwaka 1679. Huang Zongxi aliyepigana nao akakataa wito, ila mwanafunzi wake Wan Sitong akaenda Beijing akafanya kazi hiyo kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1702, bila cheo wala mshahara wa Qing, kama raia wa nchi isiyokuwapo tena. Alitaka Ming waandikwe kwa haki hata kama karatasi ni ya adui. Historia ilikabidhiwa mwaka 1739 ikiwa na juzuu 332.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisoma bila kusimama. Mwaka 1776 Kaizari Qianlong alimpa Shi Kefa, mpinzani wa mababu zake, jina la heshima la marehemu mwaminifu. Mwaka huo huo aliagiza pawe na sehemu maalumu ya wasifu wa "mawaziri waliotumikia mabwana wawili", na humo wakatiwa watu kama Hong Chengchou, jemadari wa Ming aliyesalimu amri mwaka 1642 na kuwasaidia Qing kuiteka kusini. Bila akina Hong, Qianlong asingekuwa na kiti cha kukalia. Alikuwa amekikalia vizuri kiasi cha kuweza kuwadharau.

Mchangiaji wa 2

Hapo kwenye Li Zicheng nakubali umenibana, ingawa bado nasema kwamba jeshi la Wamanchu ndilo lililomkimbiza, si insha. Nina swali moja la mwisho. Kama dhamana ya Mbingu ilikuwa na nguvu hizo, iliishia wapi mwaka 1912, ambapo hapakuwa na nasaba mpya ya kuipokea?

Mleta uzi

Ni kweli, jeshi ndilo lililomkimbiza. Mimi nazungumzia miaka 268 iliyofuata.

Kuhusu 1912, serikali ya Qing yenyewe ilikuwa imeukata mzizi wake mwaka 1905 ilipoifuta mitihani, ikitumaini kupata shule za kisasa. Vijana waliokuwa wakisubiri zamu yao katika vijumba vya Nanjing wakaenda kusoma Japani au wakaingia jeshi jipya, na ni askari wa jeshi hilo jipya walioasi Wuchang tarehe 10 Oktoba 1911.

Tamko la kujiuzulu lilitolewa tarehe 12 Februari 1912 na mjane Longyu kwa niaba ya Puyi, mtoto wa miaka 6. Inaelezwa kwamba rasimu yake ilitoka upande wa Zhang Jian, mtu aliyeshika nafasi ya kwanza katika mtihani wa ikulu wa mwaka 1894. Ndani yake mna maneno haya kwa maana yake: mioyo ya watu imeelekea kwenye jamhuri, na pale mioyo ya watu inapoelekea, amri ya Mbingu inajulikana. Hoja ya Zhou dhidi ya Shang, baada ya miaka kama 3,000, ikatumiwa na nasaba kujivua yenyewe.

Ila historia yake haijafungwa. Ofisi ya kuandika historia ya Qing ilifunguliwa mwaka 1914 chini ya Zhao Erxun, aliyekuwa gavana mkuu wa Qing hadi dakika ya mwisho. Waandishi wengi walikuwa watumishi wa zamani wa nasaba hiyo, na katika kurasa zao wanamapinduzi wa 1911 ni waasi. Fedha zilikuwa haba na vita vilikuwa vinakaribia, hivyo kazi ikachapwa harakaharaka mwaka 1928 kwa jina la *Rasimu ya Historia ya Qing*. Serikali ya jamhuri, iliyokuwa Nanjing wakati huo, iliipiga marufuku mwaka 1930. Mwaka 2002 serikali ya Beijing ilianzisha mradi mwingine mkubwa wa kuiandika upya. Mpaka leo, katika safu ya historia 24 rasmi zilizokubaliwa, ya mwisho ni ile ya Ming, ambayo Wan Sitong aliitumikia bila mshahara. Ya Qing inaendelea kuitwa rasimu.